Akiuawa mtu maarufu wa ukoo wenu: tuliyopitia kwenye msiba wa Afande

Baba Mkubwa aliuawa Jumamosi asubuhi. Hadi adhuhuri nilikuwa nimeshaelezwa sababu za kifo chake na watu kadhaa, kila mmoja na yake, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo. Mmoja alisema ni mambo ya kiwanja. Mwingine, kwa sauti ya chini kabisa, akasema ni Waganda, wamekuja kulipiza. Dereva wa bodaboda aliyenipeleka hospitali alinisimulia, bila kujua mimi ni nani, kwamba yule mzee mwanajeshi wa kule Nkuhungu amevamiwa na watu waliokuja na gari lisilo na namba. Sikumjibu. Nilishuka, nikalipa, nikaingia kumtambua marehemu.

Naandika haya kwa ajili ya familia yoyote yenye mtu wa namna ile, askari mstaafu anayejulikana mji mzima. Kufiwa tunakujua. Msiba wa sisi Wagogo una taratibu zake na wazee wa kuzisimamia. Lakini marehemu akiwa wa watu wote, na kifo chenyewe kikiwa cha damu, wafiwa mnageuka wapangaji kwenye msiba wenu wenyewe. Hilo hatukuandaliwa nalo na mtu yeyote.

Mtaani hakuwa na jina jingine, alikuwa Afande tu. Kwa watoto, kwa wauza mboga, hata kwa mwenyekiti wa mtaa. Alitoka Mvumi akiwa kijana wa mgambo, wakati Idi Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na daraja la Kyaka likalipuliwa. Akaenda, akarudi, akabaki jeshini mpaka akastaafu akiwa sajini. Watoto walipenda awaigizie sauti ya Mwalimu: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alivaa kaunda suti yake ya kijivu na kubandika nishani. Shule zilimwalika, redio ilimhoji, mara moja picha yake ikatoka gazetini, na ile nakala ya gazeti ilikaa sebuleni mpaka ikawa ya njano.

Ndani ya nyumba hakusimulia vita kabisa. Mimi nililelewa kwake tangu nikiwa shule ya msingi. Ninachokumbuka ni kwamba zamani alikuwa anaamka usiku wa manane, anakaa uani peke yake mpaka alfajiri, na Mama Mkubwa anatuambia tumwache. Nadhani ndiyo maana alimwelewa yule kijana.

Aliyemuua ni kijana wa jirani. Alikuwa mgonjwa wa akili. Alishawahi kulazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Dodoma, akatoka na nafuu, akawa anakunywa dawa zake na anafanya vibarua vya kupogoa zabibu. Baadaye akaziacha dawa, alisema zinamlaza kutwa. Mama yake alikuwa akimwomba Baba Mkubwa aongee naye, kwa sababu alimsikiliza Afande kuliko alivyomsikiliza mchungaji. Kijana alipenda sana mambo ya jeshi. Jioni ungewakuta chini ya mwarobaini, mzee anamfundisha kwata, kijana anapiga saluti, wote wawili wanacheka. Asubuhi ile alikuja na jembe. Baba Mkubwa alikuwa anamwagilia miche. Mama Mkubwa alikuwa mlangoni.

Hayo ndiyo yaliyotokea, yote. Hapakuwa na gari, hapakuwa na Mganda, hapakuwa na kiwanja. Na niseme hapa hapa, maana nimeulizwa mara nyingi: wagonjwa wa akili walio wengi hawamgusi mtu. Dodoma tunaishi nao, tunapanda nao daladala, na wao ndio wanaopigwa na kuporwa zaidi kuliko wanavyopiga.

Shida yetu ilianzia kwenye udogo wa maelezo hayo. Watu walimtaka shujaa wao afe kwa sababu inayolingana na jina lake. Kijana mgonjwa mwenye jembe hakuwatosha.

Kabla ya uvumi kulikuwa na hasira. Polisi walipofika, majirani walikuwa wameshamwaga ndoo za maji pale uani na kufagia. Walifanya kwa huruma, ili wajukuu wasione. Mpelelezi alikasirika, na alikuwa na haki: jembe lilikuwa limesogezwa, nyayo zimefutika. Likitokea jambo kama hili, fungeni geti, wapelekeni watoto nyumba ya pili, msiguse kitu. Huruma hiyo inaweza kusubiri saa mbili.

Wakati huo huo vijana walishaanza kukusanyika nje ya nyumba ya yule mama, na dumu la petroli nililiona kwa macho yangu. Kijana mwenyewe alishakamatwa, walimkuta amekaa kwenye korongo bila kukimbia. Waliobaki ndani ni mama yake na wadogo zake wawili wa shule. Aliyewaokoa ni mzee mmoja, askari mstaafu, rafiki wa Baba Mkubwa. Alisimama mlangoni na fimbo yake akasema, "Hii nyumba Afande alikuwa anakunywa chai humu. Mkiichoma mtamjibu nini?" Kisha akaniita mimi, nisimame naye. Nilitetemeka miguu, lakini nilisimama. Kilichowarudisha nyuma ni kuona mfiwa amesimama pale, maana mwenyekiti alishawasihi na hawakumsikia. Nimelifikiria sana jambo hili: katika saa ile ya kwanza, mtu pekee ambaye umati unamsikiliza ni mwenye msiba. Mkijifungia ndani mlie, na ni haki yenu kulia, wengine watafanya jambo kwa jina la marehemu wenu, na litawafuata maisha.

Mambo ya hospitali nitayapita haraka. Kifo cha namna hii hakizikwi mpaka daktari afanye uchunguzi wa mwili kwa maombi ya polisi, na ndugu lazima awepo kutambua. Chagueni mtu mwenye moyo mgumu. Kibali cha kuzika kinatolewa baada ya hapo, kwa hiyo msitangaze siku ya mazishi kabla hamjakishika mkononi. Sisi mabasi ya ndugu wa Kongwa na Mpwapwa yalishaondoka ndipo tukaambiwa tusubiri. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, na cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, mtakihitaji kwa pensheni, benki na mirathi. Fanyeni mapema. Baada ya matanga kila mtu anarudi kwake na anayebaki na makaratasi ni mjane.

Picha ilisambaa jioni. Mtu fulani alimpiga picha Baba Mkubwa akiwa amelala uani, kabla hajafunikwa, na ikaenda. Mimi niliipata kwenye kundi la WhatsApp la walimu wenzangu, imeandikwa "RIP shujaa" na alama za machozi. Aliyeituma alikuwa mtu mwema kabisa, anadhani anaomboleza. Binti yake marehemu aliipata akiwa ndani ya basi, anatoka Singida. Tulichofanya ni kupiga picha ya skrini inayoonyesha namba na saa, tukapeleka polisi, na tukamwomba kila kiongozi wa kundi tunayemfahamu aifute. Wapo waliofuta na kuomba radhi. Wapo waliotuambia marehemu ni wa taifa. Msiisambaze hata kwa kulalamika, maana niliona ndugu zetu wenyewe wakiituma na maneno "acheni kutuma picha hii", nayo ikazidi kwenda.

Kesho yake ikaja namba ya rambirambi. Ujumbe mzuri, umeandikwa kwa adabu, una jina la marehemu na picha yake akiwa na nishani: tumchangie shujaa wetu apumzike kwa heshima. Namba haikuwa yetu. Mpaka leo hatujui kilikusanywa kiasi gani, ila watu wawili walitulaumu kwamba tumepokea hela yao na hatukuwashukuru. Baada ya hapo tulifanya kitu kimoja kilichosaidia: namba moja tu, ya mtunza hazina wa kamati, iliyosajiliwa kwa jina lake halisi. Ilibandikwa kwenye ofisi ya mtaa na kusomwa kanisani, kila mchango ukaandikwa kwenye daftari na jumla ikatangazwa kila jioni. Gharama zetu zilifika karibu milioni nne na laki tano. Jeneza pekee lilikuwa laki nne na nusu, kwa sababu kamati ilisema Afande hawezi kuzikwa kwenye jeneza la kawaida. Mama Mkubwa hakuulizwa. Turubai na viti tulikodi vya watu mia tatu, wakaja labda mara tatu ya hao, wengine kutoka Chamwino na Bahi ambao hatukuwahi kuwaona. Lazima wale. Mchele, nyama, kuni, maji ya boza. Madeni ya msiba ule tuliyalipa mpaka mavuno ya zabibu yaliyofuata.

Kuhusu kusema na watu. Redio moja ilinipigia moja kwa moja bila kuniambia niko hewani, na mtangazaji akaniuliza kama familia inahusisha kifo hiki na mambo ya vita. Nikasema sijui. Nusu saa baadaye ikawa "familia haijakanusha". Usiku ule kikao cha ukoo kiliamua mtu mmoja tu ndiye aseme. Kaka yangu mkubwa alikataa, akaniteua mimi kwa kuwa ni mwalimu. Baadhi ya wazee walinung'unika, mtoto wa kike tena wa mdogo wa marehemu asimame mbele ya watu, lakini hakuna aliyejitolea badala yangu. Tuliandika sentensi chache, nikazikariri: mzee wetu ameuawa nyumbani kwake, aliyetuhumiwa yuko mikononi mwa polisi, ni mtu mmoja na alikuwa mgonjwa, tunaomba familia yake isiguswe. Kila aliyepiga nilimsomea hayo. Akiuliza zaidi, nilimsomea tena. Inachosha, na unaonekana huna akili, lakini baada ya muda walikoma, kwa sababu hakuna habari mpya ndani yake.

Halafu kwenye kundi la ukoo mtu akaweka aya. Mathayo 26:52: "maana wote waushikao upanga, wataangamia kwa upanga." Hakuongeza neno. Alikuwa mmoja wetu, mlokole, na naamini alidhani anatuonya kiroho. Lakini tafsiri yake ilielezwa wazi kwenye vibaraza vya mtaa: damu ya watu aliowaua kule Uganda imemdai. Hilo liliniuma kuliko Waganda wa gari lisilo na namba, kwa sababu lilimgeuza marehemu kuwa mdaiwa aliyelipa.

Mdogo wangu anayesoma hapa Chuo Kikuu cha Dodoma ndiye aliyenionyesha kwamba hatukuwa wa kwanza. Usiku mmoja tukiwa jikoni, wengine wamelala kwenye mikeka, alinisomea habari za Chris Kyle kwenye simu. Huyu alikuwa mdunguaji wa kikosi maalumu cha jeshi la majini la Marekani, alipelekwa Iraq mara nne, na kwao alikuwa maarufu kiasi kwamba idadi ya watu aliowaua, 160 waliothibitishwa, ilitajwa kama mabao ya mshambuliaji. Tarehe 2 Februari 2013 aliuawa kwa risasi huko Texas, kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Aliyemuua, Eddie Ray Routh, alikuwa askari wa zamani mwenye matatizo ya akili, aliyewahi kulazwa, na mama yake ndiye aliyemwomba Kyle amsaidie mwanawe. Nilimwambia asome tena hapo.

Na kule nako walifanya haya haya. Maelfu walijaa uwanja wa mpira wa Arlington kumuaga, na siku ya kwenda kuzika Austin watu walipanga mstari kando ya barabara na juu ya madaraja wakiwa na bendera. Wakati huo huo Ron Paul, aliyekuwa mbunge wa Texas na ambaye mwenyewe aliwahi kuwa daktari wa jeshi la anga, akaandika mtandaoni kwamba kifo kile kinaelekea kuthibitisha ule usemi wa upanga. Aya ile ile! Watu wakamjia juu na akalazimika kutoa maneno ya pole. Miaka mitatu baadaye jeshi la majini likasahihisha kumbukumbu za nishani za Kyle, zikawa pungufu ya zile zilizokuwa zikisemwa. Naye Chad Littlefield, rafiki yake aliyeuawa pale pale saa ile ile, habari nyingi zilimtaja kwa ufupi tu, "na mwenzake".

Sikuona faraja katika kusoma hayo, ila nilipata akili. Nilijiuliza kwetu "na mwenzake" ni nani, na jibu lilikuwa limelala chumba cha pili. Mama Mkubwa aliona yote. Tangu Jumamosi hakuna aliyemuuliza lolote zaidi ya polisi waliochukua maelezo yake. Watu walikuja, wakamshika mkono, wakasema "taifa limepoteza", wakatoka kwenda kumsimulia Afande nje. Hakuwa anakula. Alikuwa anaosha mikono, anakausha, anaosha tena. Baada ya mazishi tulimpeleka kwa mshauri nasaha hospitalini, na alikataa mara ya kwanza kwa sababu hospitali yenyewe ni ile ile aliyolazwa aliyemuua mumewe. Alikubali baadaye, polepole. Mkiwa na shahidi ndani ya nyumba, mwondoeni sebuleni siku ya kwanza, apate chumba chake na mtu mmoja wa kukaa naye. Msimngoje alie ndipo mjue anaumia.

Usiku wa mwisho wa kukesha walifika wenzake wa vitani. Wazee, wengine wamevaa makoti ya baridi mwezi wa tisa, wakakaa pembeni ya moto. Wao hawakushangaa uvumi. Mmoja alikumbusha kifo cha Luteni Jenerali Imran Kombe, aliyewahi kuongoza usalama wa taifa, alivyopigwa risasi na polisi kule Kilimanjaro mwaka 1996, na maelezo yakawa kwamba walimdhania mwizi wa gari. Mpaka leo, alisema, kuna watu ukiwaeleza hivyo wanakutazama tu. Askari mkubwa akifa kwa makosa, nani ataamini?

Kisha wakaanza kumsema mwenzao, na ndipo nikajua kitu. Mtaani ilikuwa inasemwa kwamba Afande alikuwa anafyatua ile mizinga ya roketi ambayo watu waliiita Saba Saba. MC wa msiba alishatangaza kwamba alipiga kifaru kwa mkono wake kwenye mapigano ya Lukaya, Machi 1979, pale kwenye matope kati ya Masaka na Kampala. Wazee walicheka. "Huyu? Huyu alikuwa dereva." Alikuwa anaendesha lori la maji na chakula. Wakasema kilichowafanya wampende ni kwamba lori lake lilifika. Kulikuwa na siku walikunywa maji ya dimbwi, na yeye akaja usiku taa zimezimwa, akaja tena. Walibishana kidogo kama lori lilikuwa la Kichina au la Kirusi. Nilitaka usiku ule usiishe.

Kwa nini hakuwahi kusahihisha watu? Mzee mmoja alisema alijaribu zamani, watu wakadhani ni unyenyekevu, wakazidi kumpamba.

Asubuhi nilikwenda kwa MC nikamwomba asome wasifu kama ulivyo: dereva, lori la maji, sajini. Alisita. Mheshimiwa mmoja aliyetarajiwa kuhutubia alishapewa wasifu wa kifaru. Tulikubaliana MC asome wetu kwanza. Mheshimiwa alipopanda akakisema kifaru chake kama kilivyo, na umati ukapiga makofi, na wale wazee wakainamisha vichwa. Siwezi kusema tulishinda. Ila wasifu uliochapwa kwenye karatasi za ibada ni ule wa kweli, na wajukuu wanazo.

Kuhusu heshima za kijeshi, msidhani zinakuja zenyewe. Sisi tulikaa tukingoja jeshi lije, jeshi halijui kama mtu amekufa mpaka liambiwe kwa karatasi. Tafuteni mapema vyeti vyake vya kuachishwa na namba yake ya jeshi, mwende kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, yeye atawaelekeza. Muulize kabisa mstaafu wa cheo chake anastahili nini, ili msiwaahidi watu mizinga na risasi hewani. Kwetu walikuja askari wachache, wakasimama kwa ukakamavu, wakapiga saluti. Kuna waliolalamika kwamba ni dharau. Mama Mkubwa alisema imetosha.

Sasa nifike kwa mama wa kijana, maana hili ndilo lililotugawa.

Alituma mtu usiku, kabla ya mazishi, kuuliza kama anaweza kuja. Kikao kilichukua saa nzima na zaidi. Shangazi mmoja alisema akikanyaga hapa ataondoka yeye. Kaka yangu alisema kuja kwake kutaleta fujo, tusimhatarishe. Wengine walisema kwa mila asiposogea kutoa pole sasa, hatakuja kusogea tena, na nyumba hizi mbili zina uzio mmoja. Mimi nilikuwa upande wa asije. Nilimwonea huruma, lakini nilikuwa nimechoka kuwazuia watu. Mama Mkubwa ndiye aliyemaliza. Hakupaza sauti. Alisema, "Alikuwa anakuja kuazima chumvi kwangu. Aje saa kumi na moja asubuhi, kabla ya watu."

Akaja. Alijifunika kanga kichwani, akasindikizwa na mke wa mchungaji. Alipiga magoti mlangoni, Mama Mkubwa akamwambia ainuke aingie. Walikaa kwenye mkeka mmoja, hawakuongea maneno mengi, nami nilitoka. Kulipokucha alishaondoka. Habari zilivuja, bila shaka, na kuna waliosema tumelipwa, na wengine kwamba tumerogwa. Mtu mmoja aliandika kwenye kundi la mtaa kwamba familia imemsaliti shujaa. Nilimjibu kwa zile sentensi zangu za kukariri.

Mahakamani msiende mkitegemea kuona haki siku hiyo. Kesi ya mauaji inaanza kwenye mahakama ya chini ambayo haina uwezo wa kuisikiliza, kwa hiyo mshtakiwa haruhusiwi hata kujibu. Ndugu zetu waliojaa siku ya kwanza walitoka wakisema "amegoma kukiri". Baada ya hapo inatajwa, inaahirishwa, inatajwa. Waendeao wanapungua mpaka mnabaki wawili. Ilipoagizwa kwamba apelekwe Isanga kuchunguzwa akili, mtaani walishangilia, wakidhani ni gereza kuu, kumbe ni taasisi ya Mirembe inayopokea wagonjwa waliotenda makosa. Walipoelewa, shangwe ikageuka matusi. Walitaka anyongwe, kwa kuwa ndiyo adhabu ya mauaji ya kukusudia. Kule Texas baraza la mahakama lilikataa utetezi wa ugonjwa, na mwaka 2015 Routh akafungwa maisha. Kwetu Mahakama Kuu ilitamka kwamba alitenda kitendo kile akiwa hana akili timamu, akaamriwa ashikiliwe kama mgonjwa. Nilipotoka nje mwandishi aliniuliza kama familia imeridhika. Sikuwa na sentensi ya kukariri kwa swali hilo. Nikamwambia nina njaa, ambayo ilikuwa kweli.

Kaburi lilijengewa mwaka mmoja baadaye kule Mvumi, kwa michango ya watu wa mtaa, na ninawashukuru. Tulipofika kulizindua tukakuta kwenye marumaru pameandikwa "MEJA". Fundi alisema alielezwa hivyo na kamati kwa simu, kamati ikasema ilimtajia fundi sajini. Kufuta na kuchonga upya ilikuwa elfu themanini. Mpeni fundi maneno kwenye karatasi, yaliyosainiwa, na mmoja wenu aende akaone kabla saruji haijakauka.